Tunamsamehe Jack Sparrow kwa niaba ya nani?

MWANAFUNZI mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali katika kipindi cha Maarifa ya Uislamu nikashindwa kumjibu. Tulikuwa katika somo la haki za waja, yaani zile dhulma ambazo hazifutiki kwa toba ya mtu na Mola wake peke yake, mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au asamehe kwa ridhaa. Nilitoa mifano ya kila siku: deni, kusengenya, kusogeza mpaka wa kiwanja, wizi. Kijana akanyoosha mkono. "Ustadh, na Jack Sparrow je? Mbona yule ni mwizi na kila mtu anampenda?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, na hapo ndipo tatizo langu lilipoanza, maana nilicheka kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki yake wa zamani.

Kwa msomaji asiyemjua, Jack Sparrow ni nahodha wa maharamia katika sinema ya Disney iitwayo Pirates of the Caribbean: The Curse of the Black Pearl, iliyotoka Julai 2003. Mimi niliiona mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha kwanza, katika kibanda cha video mtaani kwetu, tumebanana kwenye mabenchi kama dagaa. Mkanda haukuwa umetafsiriwa na Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Hata hivyo tulicheka mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo kwa wiki nzima nusu ya vijana wa mtaa walikuwa wanatembea kwa kuyumba, mikono ikipepea kama mtu anayejaribu kutovunja mayai.

Na hapa lazima haki isemwe. Mwigizaji Johnny Depp alifanya kazi kubwa pale. Tazama anavyoingia. Kwanza unamwona amesimama juu ya mlingoti, upepo unampiga, muziki umepanda, uso wa mtu anayemiliki bahari. Kamera ikishuka unakuta chombo chenyewe ni kiboti kidogo kinachoingiza maji, naye anateremka haraka kuyakumba kwa ndoo. Anapita mbele ya mifupa ya maharamia walionyongwa na kuachwa pale iwe onyo, anavua kofia kwa heshima. Kiboti kinazidi kuzama hadi kinabaki mlingoti tu, na mlingoti unafika sawia na gati. Nahodha anapiga hatua moja kutoka juu yake na kukanyaga mbao bila kulowa kiatu. Karani wa bandari anamdai shilingi moja ya kuegesha na kumtaka jina. Yeye anatoa shilingi tatu ili jina lisahauliwe, kisha akiondoka anabeba na mfuko wa fedha wa karani mwenyewe.

Dakika tatu hazijapita na sisi wote, hata tusiojua Kiingereza, tumeshamjua mtu huyu: ni fukara, anajiona mfalme, ana adabu kwa wafu na hana adabu kwa mali ya walio hai. Depp ameeleza mara nyingi kwamba aliwafikiria maharamia kuwa ndio wanamuziki mashuhuri wa zama zao, na sehemu ya mwendo na lafudhi aliichota kwa mpiga gitaa Keith Richards wa Rolling Stones. Amesimulia pia kwamba wakubwa wa Disney walipoona vipande vya mwanzo walishtuka, wakauliza kama mtu huyu amelewa au ana kasoro gani. Mwisho wa yote sinema iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, chama cha waigizaji wa Marekani kikampa Depp tuzo yake mwaka 2004, na katika Oscar za mwaka huo akateuliwa kuwania nafasi ya mwigizaji bora. Aliyeichukua ni Sean Penn.

Sitaki kuingia hapa katika mjadala wa hukumu ya kuangalia sinema. Wapo masheikh wenye elimu kuliko mimi walioandika juu yake, na mzazi atakayeiona hii atakuta ulevi na mambo ya mji wa Tortuga ambayo hatayapenda. Lakini kumwambia yule kijana "usiangalie" kungekuwa ni kulikimbia swali. Yeye hakuuliza kama inafaa kuangalia. Aliuliza kwa nini moyo unampenda mwizi wakati akili inajua kuwa ni mwizi.

Niliitazama tena sinema ile, safari hii kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Nikagundua kuwa imepangwa kwa ustadi mkubwa ili tusimkasirikie Jack. Ukatili wote umebebeshwa mtu mwingine, nahodha Barbossa, aliyeigizwa na Geoffrey Rush. Barbossa ndiye anayeshambulia mji usiku, anayechoma, anayeua, anayeteka binti wa gavana. Jack anabakishiwa ucheshi. Tena kila anayeibiwa na Jack mbele ya macho yetu ametangulizwa kuharibiwa jina. Yule karani amekwishapokea rushwa, nani amhurumie? Meli anayoiiba baadaye ni ya serikali, na serikali haina uso. Mara moja tu anamzungushia minyororo shingoni binti ambaye ametoka kumwokoa asizame, amtumie kama ngao ili apate kutoroka, na hata hapo namna anavyozungumza naye inatuchekesha kabla hatujafikiri.

Katika suala la Barbossa, kwa kweli, sinema inafundisha vizuri. Yeye na wenzake waliiba vipande 882 vya dhahabu yenye laana, wakavitumia vyote, na sasa wanakula chakula kinageuka majivu mdomoni, wanakunywa na kiu haikatiki. Barbossa anatembea na tufaha mkononi akiota siku atakayoweza kulionja. Mali ya dhulma iliyomwondolea mwenyewe ladha ya kila kitu: mimi hulisema jambo hili kwa dakika arobaini na wanafunzi wanasinzia. Tufaha lile linalisema kwa kitambo kidogo tu.

Sasa niseme kilichonizuia kulala. Kuna mwanamke anaitwa Anamaria. Anaonekana mara ya kwanza Tortuga, ambako Jack amekwenda kutafuta mabaharia. Ni mwanamke mweusi, ameigizwa na Zoe Saldana, amevaa nguo za kibaharia na kofia pana. Anamfuata Jack, anamchapa kibao, anamwambia kwamba alimwibia boti yake. Jack anajitetea kwamba aliiazima, bila ruhusa tu, na alikusudia kuirudisha. Kabla ya hapo wanawake wengine wawili wameshamzaba vibao, na mara zote Jack anasema hajui kama alistahili. Hiki cha tatu anakiri: hiki nilistahili. Tunacheka. Anamaria anaahidiwa chombo kingine, tena kizuri zaidi, ile meli Interceptor iliyoibwa kwa serikali, naye anakubali kuwa baharia wa Jack. Mambo yamekwisha, hata dakika mbili hazikufika.

Boti ipi? Inavyoelekea ndiyo ile ile. Kile kiboti tulichokicheka kikizama mwanzoni mwa sinema, kichekesho bora kuliko vyote vya mkanda ule, kilikuwa riziki ya mwanamke mmoja. Nilikicheka mwaka 2004 na nimekicheka tena juzi. Sikuwahi kuuliza kina mwenyewe.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la mwanafunzi wangu. Jack hajaomba radhi ya maana, hajarudisha kitu, na wala hajahukumiwa. Amesamehewa, na waliomsamehe ni sisi kwenye benchi. Uhodari wa mwigizaji umetufanya tutoe msamaha ambao si wetu kuutoa. Mimi nina haki gani ya kuisamehe boti ya Anamaria? Hata katika fiqhi, ambako mnyang'anyi wa njiani aliyetubu kabla ya kukamatwa anapewa nafuu kubwa, mali ya watu inabaki juu ya shingo yake mpaka wenyewe waseme.

Mtu ataniambia, ustadh, hii ni michezo, maharamia wa kweli walikwisha zamani. Sawa, tuwatazame hao wa kweli. Mwezi Septemba 1695 haramia Mwingereza Henry Every, akiwa na meli yake Fancy, aliiteka meli Ganj-i-Sawai, mali ya mfalme Aurangzeb wa India. Ilikuwa inarudi Surat kutoka Bahari ya Shamu na miongoni mwa abiria wake walikuwamo mahujaji waliotoka Makka. Kwa siku kadhaa watu waliteswa ili waonyeshe walikoficha mali, na wanawake walivunjiwa heshima. Mwanahistoria wa India wa zama hizo, Khafi Khan, ameandika kwamba wapo wanawake waliojitupa baharini kuikimbia fedheha hiyo. Every hakukamatwa kamwe. Wachache katika watu wake walishitakiwa London, na baraza la kwanza la wazee wa mahakama likawaachia. Ilibidi serikali ifungue mashitaka mengine, na watano wakanyongwa Novemba 1696.

Lakini ngoja. Mwaka 1712, miaka kumi na saba tu baada ya mahujaji wale kuporwa, jumba la maonyesho la Drury Lane mjini London lilionyesha mchezo wa Charles Johnson uitwao The Successful Pyrate. Haramia aliyetungwa kwa mfano wa Every ndiye shujaa, tena amefanywa mfalme Madagascar. Watu walikata tiketi kwenda kumtazama. Wajukuu wa mahujaji bila shaka walikuwa hai Surat wakati ule. Hakuna aliyewauliza.

Wa Caribbean nao hawakuwa tofauti. Meli mashuhuri ya Blackbeard, Queen Anne's Revenge, ilikuwa meli ya Wafaransa ya kubebea watumwa aliyoiteka mwaka 1717. Bartholomew Roberts aliingia bandari ya Ouidah, katika nchi iitwayo leo Benin, Januari 1722, akateka meli za watumwa zilizotia nanga pale akadai fidia. Nahodha mmoja akakataa kulipa. Kwa mujibu wa masimulizi ya zama zile, meli yake ilichomwa moto na ndani mwake walikuwamo Waafrika wapatao 80, wamefungwa minyororo wawili wawili. Mwezi uliofuata Roberts aliuawa vitani, watu wake 52 wakanyongwa katika ngome ya Cape Coast, na Waafrika waliokutwa katika meli zake wakauzwa. Katika sinema nzima ya Disney, inayosemwa kuwa ni Jamaica ya karne ya 18, hutaona shamba moja la miwa.

Na sisi wa pwani hii tunakumbuka meli zilizotekwa na maharamia wa Kisomali, kama MV Faina iliyokamatwa Septemba 2008 ikielekea Mombasa. Hao nao walitengenezewa sinema, Captain Phillips ya mwaka 2013, na Barkhad Abdi aliigiza vizuri mno hata naye akateuliwa kuwania Oscar. Lakini sijaona mtoto anayevishwa nguo za haramia wa Kisomali siku ya sherehe. Kijana aliyekamatwa hai katika tukio lile alihukumiwa New York mwaka 2011 kifungo cha zaidi ya miaka 33. Miaka mia tatu ni sabuni nzuri. Ukiwa na ngozi inayotakiwa, inang'arisha zaidi.

Nilipoyaeleza haya darasani, kijana yule yule hakukubali. Vijana wa siku hizi hawakubali kirahisi na mimi nawapendea hilo. Akasema, "Lakini Ustadh, mbona Abunuwasi anadanganya na kuiba na tunasoma hekaya zake tangu shule ya msingi?" Hoja nzito. Sungura naye ni hivyo hivyo. Mtu mnyonge anapomwona mkubwa amezidiwa akili, moyo wake unapumua. Wale maharamia wa kweli walikuwa na jambo hilo pia: mabaharia wengi walitoka katika meli ambazo nahodha aliwapiga viboko na kuwanyima mshahara, na kwenye meli ya uharamia walimchagua nahodha wao, waligawana mafungu kwa kanuni, na aliyepoteza mguu au mkono alilipwa fidia. Kuna wafanyakazi leo katika mji huu hawana hata hilo.

Nikamjibu kwamba tofauti naiona, ingawa si kubwa kama ninavyotamani. Abunuwasi anamrudishia sultani au tajiri dhulma yake mwenyewe, na tajiri yuko pale pale katika hadithi, tunamsikia akilia. Haibi mtumbwi wa mvuvi. Na akiiba, basi hiyo nayo ni hadithi mbaya, hata kama inachekesha.

Nilisema mtumbwi wa mvuvi kwa sababu nina mvuvi nyumbani. Baba yangu mdogo anavua katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini. Aliweka akiba kwa muda mrefu, akauza na mbuzi, akanunua mashine ya boti iliyokwishatumika. Usiku mmoja wakiwa wametega jarife, boti nyingine ilijongea ikiwa na vijana watano wenye mapanga. Aliyekuwa mkubwa wao, anasema baba mdogo, alikuwa kijana mcheshi sana. Alimwambia, "Shikamoo mzee, hujambo? Samahani kwa usumbufu." Akawataka radhi na wenzake mmoja mmoja. Akatania kwamba mazoezi ya kupiga kasia ni mazuri kwa afya. Mmoja wa mabaharia wa baba mdogo akacheka, bila kupenda, kicheko kikamtoka tu. Wakafungua mashine, wakaondoka nayo. Walipiga kasia hadi alfajiri.

Baba mdogo hakupata mashine nyingine kwa miaka minne. Mwanawe wa tatu aliacha shule katika miaka hiyo. Lakini anaposimulia hasemi sana juu ya panga. Husema, "Ile shikamoo, mwanangu. Niliitikia! Nilisema marahaba!" Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Ucheshi wa yule kijana ulimchukulia na kitu kingine zaidi ya mashine.

Wengi wetu husoma Suratul Kahf kila Ijumaa na tunaijua habari ya Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wafasiri wamesema ni Khidhri. Wanapanda chombo, mwenzake anakitoboa, Musa anashangaa. Baadaye anaelezwa kwamba kilikuwa cha masikini wanaofanya kazi baharini, na nyuma yao alikuwako mfalme anayepora kila chombo. Wanafiqhi wa madhehebu ya Shafi wamechukua hapo hoja kwamba mtu anaweza kumiliki chombo na bado akawa masikini. Baba mdogo angewaelewa bila kufundishwa. Mimi lililonigusa safari hii ni jingine. Mporaji katika kisa kile hana jina. Hatuonyeshwi sura yake, mwendo wake wala kofia yake. Huenda alikuwa mcheshi, huenda aliwachekesha watu wa baraza lake mpaka wakashika mbavu. Hatukuambiwa. Tulichoambiwa ni chombo kile ni cha nani.

Idd iliyopita baba mdogo alikuja mjini kututembelea. Watoto wakaweka mkanda ule ule, wala si mimi niliyewaambia. Alipomwona Jack akishuka kutoka mlingotini hadi gatini alicheka mpaka machozi, akasema huyo ni baharia wa uongo lakini Mungu kampa kipaji. Tulipofika Tortuga yule mwanamke akachapa kibao, nikamtafsiria: anadai aliibiwa boti.

"Boti ipi?" akauliza.

Nikamwambia nadhani ni ile iliyozama mwanzo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kibao kimoja kwa chombo kizima?"

Watoto wakamwambia, babu tulia, mbele ndiko kutamu. Akatulia, tukaangalia pamoja. Ile meli aliyoahidiwa Anamaria ililipuliwa katikati ya bahari. Mwisho kabisa Jack amenusurika kitanzi, amerudi kwenye Black Pearl, na anayemvika koti na kumkabidhi meli ni Anamaria huyo huyo. Muziki ukapanda, nahodha akashika usukani, watoto wakapiga makofi. Nilimtazama baba mdogo kwa pembeni. Alikuwa anatabasamu, siwezi kusema vinginevyo. Maandishi ya mwisho yalipoanza kupanda akanigeukia.

"Na yule mama," akasema, "hawakumpa kitu?"